Mstari wa Mwisho wa Fumbo

Jumamosi, 19 Ramadhani

Niko mbele kwa moja! Mafumbo kumi na nane yamekwisha kufunguliwa. Mimi nimepata kumi na tano, Wagdi kumi na nne. Majina yako ubaoni dukani kwa Haji Shalabi muuza kunafa, zile tambi tamu za shira, langu juu, lake chini. Leo nimepita mara nne kulitazama. Mara ya nne Haji akaniuliza kama nataka kununua kitu au nimeajiriwa kulinda ukuta.

Niyaandike hapa, maana nyumbani hakuna anayenisikiliza. Kila Ramadhani, baada ya alasiri, Abla Insaf huja na fumbo la namba. Ni mwalimu mkuu mstaafu, ana miaka sabini na minane, na nusu ya mji ilichapwa naye. Haji hulibandika fumbo mlangoni. Mwenye jibu huliandika pamoja na jina lake na kulitia kwenye kopo tupu la samli. Kesho yake, kabla ya magharibi, kopo hufunguliwa mbele ya watu waliopanga foleni ya kunafa. Zamani mshindi wa mwezi alipewa sinia ya keki ya basbusa. Mwaka huu jumuiya ya mtaa imetangaza atapewa chumba chao cha juu, mwaka mzima, bure, afundishie hesabu. Kina mabenchi, ubao na feni. Wawili wakilingana, chumba ni cha mwenye umri mkubwa.

Mimi nina miaka sitini na mmoja. Wagdi ana thelathini na minne na kipaza sauti. Damanhur nzima haina ukuta usio na picha yake, amekunja mikono, chini imeandikwa "Firauni wa Hesabu". Kajiita mwenyewe. Mimi ningemwita hivyo bila malipo. Bango langu lilikuwa ukutani pa duka la dawa, naye akabandika lake juu yake. Limebaki sikio langu la kulia na nusu ya namba ya simu.

Nilikuwa na wanafunzi arobaini. Amebaki mmoja, Ibtihal, binti wa mpiga pasi, miaka kumi na miwili, na sidhani angebaki kama nyumba yetu isingekuwa mlango wa tatu kutoka kwao. Kauthar, mke wangu, amesema neno lake mara moja tu na harudii: nisipopata chumba, naenda kuuza viatu dukani kwa kaka yake, Sabri. Miaka thelathini na mitatu ya ubao, nimalizie kwenye soksi za watu! Sabri amekwisha kuniandalia kigoda. Ameleta na salamu kwamba kigoda chenyewe ni cha ngozi.

Jumapili, 20 Ramadhani

Fumbo la leo ni chakula cha watoto. "Nina tarakimu mbili. Nagawanyika kwa saba. Jumla ya tarakimu zangu ni kumi. Mimi ni shufwa."

Nimelijibu nikiwa bado nimesimama mlangoni. Tisini na moja! Watu wengi hudhani tisini na moja ni namba tasa, hawajui kuwa ni saba mara kumi na tatu. Nimewahi kuwanasa wakaguzi wawili wa elimu kwa namba hiyo. Tisa na moja, kumi. Nikaandika kwa mwandiko mkubwa, nikatumbukiza. Nilimwona Wagdi ameegemea pikipiki yake, anahesabu kwa vidole kama muuza mayai. Nikamsalimia kwa huruma.

Jioni Ibtihal alikuja na daftari. Aliniuliza kwa adabu kama jibu si ishirini na nane. Nikamwambia ajifunze kwanza jedwali la saba ndipo aje kunitolea majibu. Akasema, "Lakini ustadhi, mstari wa mwisho." Nikamwambia afungue ukurasa wa sehemu. Watoto wa siku hizi hawana subira.

Jumatatu, 21 Ramadhani

Ishirini na nane.

Shufwa! Nani anaweka neno zito kama hilo mwishoni, baada ya mtu kuwa amekwisha kujibu? Huo si ualimu, huo ni uviziaji. Abla Insaf alisoma jibu langu kwa sauti, akanitazama juu ya miwani, akasema, "Mitwalli, tangu darasa la nne wewe unasoma kama unakimbizwa na mbwa." Foleni nzima ikacheka. Mzee mmoja alicheka mpaka akajishika mbavu, na yeye alikuwa ameandika sabini na nne, ambayo saba haiijui wala haiitaki.

Wagdi alipata. Tumelingana. Kwa umri chumba bado ni changu, lakini sipendi kushinda kwa mvi. Kauthar alinipikia maini, jambo ambalo hulifanya tu nikiwa mgonjwa.

Jumatano, 23 Ramadhani

Nina mpango! Tena mzuri, maana bado tumelingana.

Fumbo la leo: "Nina tarakimu mbili. Vigawo vyangu ni vitatu tu. Zao la tarakimu zangu lagawanyika kwa tisa." Vigawo vitatu maana yake ni mraba wa namba tasa, kwa hiyo ni ishirini na tano au arobaini na tisa. Mbili mara tano ni kumi, haifai. Nne mara tisa ni thelathini na sita. Arobaini na tisa. Safari hii nimesoma mstari wa mwisho mara sita.

Sasa mpango. Nikatengeneza karatasi mbili. Ya kwanza ina jibu la kweli na jina langu, kwa ajili ya kopo. Ya pili ni mtego. Nimeandika ishirini na tano, nikaizungushia duara, na jina langu nikaliandika kwa kusitasita, ionekane nimeumia kichwa. Hiyo nitaiangusha miguuni pa Wagdi. Ataiona, atasema mzee huyu amekwisha kukokotoa, ataiga, ataanguka. Zote nimezitia mfukoni mwa kanzu. Ya kweli kulia, ya mtego kushoto.

Mambo yalikwenda vizuri kabisa. Nilipita karibu naye nikapiga chafya, karatasi ikadondoka, nikaenda zangu kwenye kopo bila kugeuka. Mtu mwenye akili hageuki.

Alhamisi, 24 Ramadhani

Kulia na kushoto!

Niliitoa leso ili kupiga chafya. Leso hukaa mfuko wa kulia. Niliyoangusha ni ile ya kweli. Niliyotumbukiza koponi ni ishirini na tano, na duara lake, na jina langu linalositasita.

Kibaya zaidi ni kwamba Wagdi alinikimbilia leo mbele ya watu wote kunirudishia karatasi yangu. Alisema, "Shika, ustadhi wangu, jana uliiangusha nikakuita hukusikia. Na mimi nilipata hivyo hivyo, arobaini na tisa." Ustadhi wangu! Kisha kopo likafunguliwa. Abla Insaf akainua ile ya duara akauliza kama siku hizi nina majibu mawili kwa kila fumbo, mtu achague. Nikasema nilikuwa na homa. Haji Shalabi akasema homa ya kunafa haina dawa.

Sasa Wagdi yuko mbele kwa moja. Yamebaki mafumbo matatu, la leo, la kesho na la mwisho. Na la leo hata mpiga pasi amelipata.

Sabri alituma mtu kuuliza kimo changu, maana kigoda kinaweza kupunguzwa miguu.

Jumamosi, 26 Ramadhani

La juzi na la jana tumepata sote wawili. Leo ndilo la mwisho. Hesabu ni nyepesi hata kwa Sabri: nikipata na Wagdi akikosa, tunalingana, na chumba ni cha mwenye umri mkubwa. Mabenchi, ubao, feni. Nimekwisha kuona mahali pa kuweka chaki.

Fumbo hili hapa, nimelinakili neno kwa neno: "Nina tarakimu tatu. Nagawanyika kwa tano, kwa saba na kwa tisa. Jumla ya tarakimu zangu ni tisa. Kila tarakimu yangu ni witiri."

Tano mara saba mara tisa ni mia tatu kumi na tano. Vigawe vyake vyenye tarakimu tatu ni yeye mwenyewe, mia sita na thelathini, na mia tisa arobaini na tano. Wa tatu jumla yake ni kumi na nane, atoke. Wamebaki wawili. Kila tarakimu witiri: tatu, moja, tano. Mia tatu kumi na tano. Dakika nne.

Dakika nne! Hapo ndipo nilipopatwa na wasiwasi. Fumbo la mwisho, la chumba kizima, dakika nne? Haiwezekani. Abla Insaf ananiwinda tangu darasa la nne. Lazima kuna shimo mahali limefunikwa majani. Nimeikunja karatasi yenye 315 nikaitia mfukoni, sijaitumbukiza. Kwanza nitafanya uchunguzi.

Jumapili, 27 Ramadhani, baada ya adhuhuri

Mungu ni mkubwa! Asubuhi wanafunzi wa Wagdi walikuwa wakitamba mtaani kwamba Firauni amekwisha kuweka jibu lake, mia tisa arobaini na tano. Nne si witiri! Na jumla ni kumi na nane! Anafundisha makundi manne kwa siku, sauti imemkauka, na akili nayo imemfuata. Ameanguka mwenyewe, bila hata mimi kupiga chafya. Yaani sasa ninachohitaji ni jibu sahihi tu. Moja. La uhakika.

Kwa hiyo saa tatu nilikwenda dukani kwa Haji nikajitolea kusaidia. Nilisema ni siku ya ishirini na saba, nataka thawabu. Haji alinitazama kama mtu anayetazama paka aliyejitolea kulinda maziwa, lakini kazi zilimzidi, akanipa kupanga katayefu, vile vibibi vya kujazwa lozi, dazani dazani. Saa tatu nzima nimesimama na saumu yangu katikati ya samli, lozi na shira inayochemka. Sitamani kumwelezea mtu mateso hayo.

Mezani chini ya mizani kuna droo mbili. Haji alipokwenda kumimina uji wa kunafa kwenye bamba la moto, nilifungua ya kulia. Uzi, kalamu, na karatasi moja iliyokunjwa mara mbili. Nikaifungua.

Sita. Tatu. Nukta.

Mia sita na thelathini! Sifuri yetu ya Kiarabu huandikwa nukta, na hii imekaa imara, nukta nene ya kahawia. Mwandiko mbaya, lakini Abla ana miaka sabini na minane. Niliitia karatasi mfukoni nikarudi kwenye katayefu.

Nimelipima. Mia sita na thelathini yagawanyika kwa tano, kwa saba, kwa tisa. Jumla ya tarakimu ni tisa. Sasa naelewa kila kitu. Mstari wa mwisho umewekwa kuwapoteza wapumbavu! Nilijua lazima kuna shimo. Na mimi nilikuwa hatua moja tu nitumbukie, na 315 yangu ya dakika nne.

Ibtihal alikuja kwa somo. Amepata mia tatu kumi na tano, amefanya mwenyewe, ukurasa mzima, safi. Nikamwambia jibu ni mia sita na thelathini. Akafikiri, halafu akasema, "Ustadhi, sita si witiri. Mstari wa mwisho unasema…" Nilikuwa sijala tangu alfajiri na nimetoka kunusa shira kwa saa tatu. Nikamwambia akitaka kunifundisha, aje na kipaza sauti. Alifunga daftari polepole, akaniaga vizuri, akaondoka. Nilitaka kumwita. Lakini kopo linafungwa alasiri, na nilikuwa bado sijatumbukiza.

Nimetumbukiza.

Jumatatu, 28 Ramadhani

Sitaki kuandika. Naandika.

Jana foleni ilifika mpaka duka la dawa. Abla Insaf alikalishwa kitini, kopo mapajani. Alisoma la Wagdi kwanza. Mia tisa arobaini na tano, kosa. Watu wakaguna, Wagdi akajipiga kofi la paji la uso na kucheka. Mimi nikasogea mbele. Nilikuwa nimevaa suti ya harusi ya mwanangu Tamer.

Akasoma langu. Kisha akaniuliza, pole pole, kama anayemuuliza mtoto kaweka wapi kiatu chake kingine: "Mitwalli, mwanangu, sita ni witiri?"

Hapo ningesema nimekosea, nikaenda kufuturu. Lakini nilihisi nadhulumiwa. Nilimwona mwanamke anayekana mwandiko wake mwenyewe ili aninyime chumba. Nikapandisha sauti. Nikasema haki haiuawi mbele ya watu waliofunga. Nikasema jibu ni lake, kwa mkono wake, na ushahidi ninao! Nikaitoa karatasi na kuiinua juu kila mtu aione.

Haji Shalabi akapiga kelele kuliko mimi. "Karatasi yangu! Tangu asubuhi naitafuta kama mwenda wazimu! Sinia sitini na tatu za leo, nimetengeneza kwa kukisia!" Akaninyang'anya, akaitazama karibu na macho, akaikwaruza sifuri kwa ukucha. Ikabanduka. Ilikuwa tone la shira lililokauka. Mtu mmoja akasema arambe ajue, mwingine akamkumbusha kuwa adhana bado.

Sikumbuki vizuri waliyosema baadaye. Nakumbuka kwamba hawakucheka mara moja. Walinitazama mimi, kisha ukucha wa Haji. Halafu Haji akauliza, "Thawabu zenyewe ndizo hizi, ustadhi?" Hapo ndipo wakacheka. Husemwa siku za mwizi ni arobaini. Mimi sikupewa hata mbili.

Wagdi kabaki mbele kwa moja. Chumba ni chake. Alikuja kunipa mkono, nikajifanya natafuta leso.

Nyumbani Kauthar alikuwa amekagua mifuko ya kanzu kabla ya kuifua. Kando ya sahani yangu ya dengu aliiweka ile karatasi ya juzi. Mia tatu kumi na tano, mwandiko wangu, jina langu. Aliketi akanimiminia maji, akasema tu, "Kula, Baba Tamer." Ningependa angenitukana. Nilikula dengu zote na sikujua ladha yake.

Jumanne, 29 Ramadhani

Kigoda ni kifupi mno. Magoti yanagusa kidevu. Sabri hakunipa hata siku ya kupumzika, anasema watu wote wananunua viatu vya Idi leo na kesho, huzuni isubiri. Ananiita "profesa" mbele ya wateja. Anadhani sioni.

Alikuja mke wa mpiga pasi na Ibtihal. Viatu vyekundu vya mkanda, namba thelathini na tano. Nilimfunga mkanda mwenyewe. Nikamuuliza vigawo vya thelathini na tano, kwa mzaha. Akajibu mara moja: moja, tano, saba, thelathini na tano. Kisha akanishukuru. Alisema, "Ahsante, ami." Hakusema ustadhi. Mama yake akaeleza, akitazama pembeni, kwamba baada ya Idi ataanza kwenda chumba cha juu, kundi la Wagdi, ni karibu pia. Nikasema vizuri, kuna feni. Walipoondoka nilipanga upya rafu nzima ya viatu vya kiume, wala haikuwa imepangika vibaya. Shukrani ya punda ni mateke, lakini huyu mtoto hakupiga teke. Bora angepiga.

Nimeyatafakari yote kwa utulivu, na kosa nimeliona. Nilifungua droo ya kulia. Haji amekuwa akimwambia kila mtu kwamba Abla Insaf haandiki majibu popote, anayo kichwani, tangu zamani. Bila shaka lazima aseme hivyo! Ningekuwa mimi ningesema hivyo hivyo. Droo zilikuwa mbili. Mwakani nitaanza na ya kushoto, na nitakuja na kitambaa chenye maji, nukta zote zifutwe kwanza.

Adhuhuri Abla Insaf alituma barua kwa mkono wa mke wa Haji. Kurasa mbili! Nilianza: salamu, pole, kwamba alinifundisha darasa la nne na anajua ninavyoweza kukokotoa nikitulia, kwamba Ibtihal alimwonyesha daftari lake na akauliza ni nani aliyemfundisha kupanga kazi vile. Nikaona ni mawaidha, na dukani kulikuwa na wateja sita. Mstari wa mwisho sikuumaliza. Ulianza, "Nimekwisha kuzungumza na jumuiya, chumba kidogo cha nyuma kitakuwa wazi kila asubuhi, kwa hiyo…" Watakuwa wanatafuta mtu wa kukifagia. Mimi nina heshima zangu.

Kulikuwa na kiatu cha kushoto, namba arobaini na tatu, kimebonyea pua. Niliikunja barua nikaisokomeza ndani kukinyoosha. Kikakaa vizuri sana. Kabla ya alasiri alikinunua pamoja na mwenzake msafiri mmoja wa mji wa Rashid, akaondoka navyo.